Ufundi wa Kukaa Kambini

Mtu akisimulia safari ndefu ya gari na mahema, husimulia mwendo. Atataja Iringa hadi Mbeya, Mbeya hadi Sumbawanga, Sumbawanga hadi Mpanda, na wasikilizaji watamhesabia kilomita. Siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri, gari likakaa na watu wakakaa, ataipitia kwa sentensi moja tu, tena kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: siku ile ilitupotea. Hoja yangu ni kwamba siku hiyo haikupotea, na kwamba katika siku zote za safari ndiyo inayoonyesha waziwazi kama walioko kambini wanajua kusafiri. Kuendesha gari kwenye lami kavu hakuhitaji zaidi ya leseni na macho mazima. Kukaa siku nzima chini ya turubai, katika unyevu na baridi, watu wakabaki na afya, vyombo vikabaki vizima, chakula kikaiva, na kesho yake msafara ukaondoka ukiwa na nguvu kuliko ulivyofika, huo ni ufundi. Una maarifa yake, zana zake na walimu wake, na asiyeujua hujulikana kabla ya saa sita mchana.

Ni ufundi wa zamani katika nchi hizi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na siku za kutembea na siku za kukaa, na siku za kukaa hazikuhesabiwa kuwa aibu. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba, na hapo wakatua zaidi ya mwezi mzima kabla ya kuendelea. Ujiji waliiona Februari 1858. Kukaa huko kulikuwa na gharama. Posho ililiwa hata siku ambayo hakuna mzigo ulioinuliwa, kibaba cha nafaka kwa kila kichwa, na mwenye msafara aliona kwa macho yake mali ikipungua bila hatua moja kupigwa. Hata hivyo misafara ilitua, kwa sababu waliokuwa mabingwa wa njia ile, hasa wapagazi wa Kinyamwezi, walijua jambo ambalo mgeni mwenye haraka alichelewa kulijua: safari ya miezi haiendeshwi kwa mwendo wa siku moja. Wao walipanga kwenda na kurudi kwao kwa kutazama majira ya mvua na ya kilimo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi ya upagazi, amewaonyesha kuwa wafanyakazi wenye ujuzi, waliokuwa na desturi za kazi walizozijenga wenyewe na kuzitetea. Kirangozi aliyetangulia na bendera hakuwa mtu wa kuonyesha njia tu. Alijua pia mahali pa kutua.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa na haraka. Mwaka 1871 aliingiza msafara wake katika bonde la Makata, upande wa Kilosa, wakati wa masika, na bonde hilo likawa bahari ya tope. Punda walikufa, yeye mwenyewe akaugua tumbo vibaya, na Wazungu wawili aliofuatana nao, Farquhar na Shaw, hawakurudi pwani wakiwa hai. Sisemi kwamba mvua ya Makata ndiyo iliyowaua wawili hao. Magonjwa ya njia yalikuwa mengi na kila mmoja alikuwa na lake. Tena Stanley alifika Ujiji, na jina lake likavuma, na atakayetaka kunipinga atasema kwamba haraka ndiyo iliyomfikisha. Lakini safari hupimwa pia kwa wale iliowaacha njiani, na kwa kipimo hicho Makata ni ushahidi mbaya kwa wapenda haraka. Bonde lenyewe halijabadilika sana. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yalibomoa reli ya kati, na treni, chombo chenye chuma chini na serikali nyuma yake, zikasimama kwa miezi.

Chanzo kikubwa cha siku hizi za kukaa kiko chini ya magurudumu. Tambarare zetu nyingi, za Katavi, za upande wa magharibi wa Serengeti, za Athi huko Kenya, zina udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa ambazo mkono huzama ndani. Mvua ikianza, mfinyanzi uliomo hufyonza maji na kuvimba, nyufa hujifunga, maji hukosa pa kushukia, na barabara huwa juu inateleza na chini inanata kama ugali usioiva. Tairi hujaza meno yake kwa tope hilo ndani ya hatua chache, na tangu hapo huwa duara laini lisiloshika kitu. Hapa wenye magari mapya huleta pingamizi lao la kwanza, kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne liliundwa kwa ajili ya siku kama hizi. Kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye changarawe iliyolowa, maneno yao ni kweli. Kwenye udongo wa mbuga, nguvu ya injini hukosa mahali pa kukanyagia, na magurudumu manne huteleza kwa pamoja pale ambapo mawili yangeteleza. Hata jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ambalo kiangazi ni uwanja mpana mgumu unaomtamanisha dereva kukanyaga mafuta, mvua ikilipata huwa matope na maji ya kina kifupi, na aliye katikati yake hana budi kungoja jua.

Na hata gari likifaulu kupita, huacha deni nyuma. Tope lililokatwa na matairi hukauka likiwa mifereji mirefu, migumu, inayodumu msimu mzima. Gari linalofuata hukwepa mifereji hiyo kwa kupita kando kwenye majani, la tatu hukwepa njia ya la pili, na njia iliyokuwa ya upana wa gari moja huwa uwanja wa makovu. Wanaolipa deni hilo ni mwenye baiskeli anayepeleka mahindi mashineni na bodaboda aliyembeba mama mjamzito kwenda zahanati. Msafiri wa mahema anapita mara moja na haoni alichoacha. Kwangu hii ni hoja nzito kuliko ile ya usalama wa gari lake, na ni ajabu jinsi inavyotajwa kwa nadra na watu wanaosema wanasafiri kwa kuipenda nchi. Kukaa kambini siku ya mvua ni heshima kwa barabara ya watu wengine.

Lakini kukaa tu si ufundi. Hata aliyekwama hukaa. Ufundi huanza kabla ya tone la kwanza, kwa kuchagua mahali. Korongo kavu hupendeza macho: mchanga laini, kivuli, ukuta wa kuzuia upepo. Maji yake, hata hivyo, yaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, juu milimani, huku mbingu ya kambini ikiwa nyeupe. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, maji ya ghafla yaliua vijana saba wa kundi la kanisa Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua tena watu saba. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulifurika huko Maasai Mara, ukaingia katika kambi za watalii, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Wajuzi hupiga hema mahali palipoinuka kidogo, penye mteremko mdogo ambao maji yatauona kabla ya mtu kuuona, mbali na mti wenye matawi makavu, mlango ukiupa upepo kisogo. Zamani kila hema lilichimbiwa mtaro. Siku hizi hifadhini ardhi haitakiwi kuchimbwa ovyo, na aliyechagua vizuri hana haja ya jembe.

Kisha kuna kamba, na hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko popote. Kamba ya pamba au ya katani ikilowa hufupika: nyuzi zake hunenepa, msokoto hukaza, na kamba nzima hujivuta. Usiku wa mvua kamba kama hiyo hung'oa kigingi au huchana turubai, kwa hiyo walioishi na mahema ya zamani walitoka kabla ya mvua kulegeza. Kamba ya nailoni hufanya kinyume. Ikilowa hurefuka, hema hulegea, paa hushika dimbwi, na mwenye hema hana budi kutoka mvuani kukaza. Mkono ule ule, hema lile lile kwa umbo, na jambo la kufanya linageuka kabisa kwa sababu uzi umebadilika. Turubai la pamba nalo lina tabia yake. Likilowa nyuzi huvimba na kuziba vitundu, maji hupita juu. Lakini anayegusa paa kwa ndani kwa kidole au kwa begi huyapa maji njia, na hapo patavuja. Hema la kisasa la nailoni au poliesta lililopakwa utando halivuji kwa kuguswa, ila lina adui wa ndani: pumzi. Watu wawili waliofunga kila dirisha kwa kuogopa mvua huamka asubuhi wamelowa, wakailaumu mvua, kumbe ni mvuke wa vifua vyao wenyewe uliogeuka maji kwenye kitambaa baridi. Dawa ni kuacha dirisha wazi upande usio na upepo. Anayeanza huona huo ni wazimu, na yaelekea ndiyo sababu maarifa haya hujifunzwa kwa kuonyeshwa na mtu badala ya kusomwa.

Jikoni ndiko siku ya mvua inakoamuliwa kuwa nzuri au mbaya. Siku za mwendo hupikwa vinavyoiva haraka: wali, mayai, tambi, chai ya kunywa umesimama. Siku ya kukaa mpishi ana kitu ambacho siku nyingine hana, nacho ni saa. Anaweza kuteleka makande asubuhi na kuyaacha yachemke taratibu mpaka alasiri. Anaweza kukanda unga wa chapati na kuupumzisha kama inavyotakiwa. Kuni zake hazikulowa, kwa sababu jana jioni, mawingu yalipoanza kukusanyika, alizisogeza chini ya gari. Na zilizolowa anazipasua, maana gogo lililolowa nje mara nyingi ni kavu moyoni. Anajua kwamba mvua huwatoa siafu mashimoni, na amekwisha kuzungushia majivu ya moto sehemu ya chakula. Jioni kumbikumbi wakianza kuruka kuelekea kwenye taa, kwa mpishi wa kutoka Kanda ya Ziwa au magharibi mwa Kenya hicho ni kitoweo kilichokuja chenyewe. Jambo moja hakubali hata akibembelezwa: jiko la mkaa kuingizwa ndani ya hema ili watu wapate joto. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyelala hupitiwa bila kukohoa. Katika baridi ya ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kishawishi hicho ni kikubwa, na mpishi anayesema hapana hapo anastahili sifa kuliko aliyepika chakula kitamu.

Gari nalo lina zamu yake. Barabara ya matuta madogo, ile inayotetemesha meno, hulegeza nati moja baada ya nyingine, na katika siku za mwendo hakuna anayezigusa kwa sababu jioni kila mtu amechoka na asubuhi kila mtu ana haraka. Mvua ikikatika kidogo, dereva hupita na spana: magurudumu, vishikio vya betri, springi, keria ya juu. Hukung'uta vumbi kwenye chujio la hewa, hutazama kama rejeta inavuja. Kisha hulala. Usingizi wa dereva mchana ni kazi, tena ni kazi kubwa kuliko zote za siku hiyo. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Dereva wa safari ndefu huamka kabla ya wageni na kulala baada yao, siku baada ya siku. Hakuna kifaa kinachorudisha usingizi huo isipokuwa godoro.

Watasema haya yote ni anasa. Gari limekodiwa kwa siku, kiingilio cha hifadhi kinatozwa kwa siku, likizo ina mwisho, na mwajiri hasubiri udongo ukauke. Pingamizi hili ni la haki, na sitalijibu kwa kusifu subira. Linajibiwa kwa hesabu ya mwanzo: anayepanga safari ya wiki tatu wakati wa vuli au masika bila kuweka siku za akiba amepanga safari ambayo haipo. Siku za mvua zimo ndani ya safari tangu kalenda ilipofunguliwa, na fedha zake zilipaswa kutengwa pamoja na za mafuta. Kwa asiyezitenga, gharama hulipwa kwa namna nyingine. Desemba 4, 2021, huko Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika mto Enziu uliokuwa umefurika, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kubeba magari mengi, na macho hayawezi kupima kina cha maji ya tope. Wale hawakuwa watalii wala hawakuwa na mahema. Lakini uamuzi wa ukingoni mwa mto ni ule ule, na shinikizo lake ni lile lile: kuna watu wanatungoja ng'ambo.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni lingine, na wanaosifu siku za mapumziko huliruka. Mapumziko ya nani? Mgeni amelala hemani akisikiliza mvua na kusoma kitabu. Mpishi amesimama chini ya turubai tangu saa kumi na moja, miguu imelowa, akipika milo mitatu badala ya miwili kwa sababu leo watu wako kambini mchana. Kwa wengi wanaofanya kazi hii, siku ya kukaa ni ndefu kuliko siku ya mwendo. Kama ni hivyo, basi insha hii inasifu starehe ya mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Nakubali uzito wa neno hili, na nadhani jibu lake limo ndani ya ufundi wenyewe, kwa maana kambi inayochosha nusu ya watu wake siku ya kupumzika imeendeshwa vibaya. Kambi inayojua kukaa hugawa kazi upya mvua inapoanza. Wageni huosha vyombo, huchambua maharage, huchota maji. Dereva haamshwi kwa ajili ya kumtafutia mtu chaja ya simu. Mpishi hupewa alasiri yake baada ya makande kuteremshwa, na chakula cha jioni huwa kiporo bila mtu kununa. Na malipo ya siku hiyo huwa kamili. Misafara ya Bagamoyo, pamoja na ukatili wote uliokuwamo katika biashara ya zama zile, haikumnyima mpagazi kibaba chake kwa sababu mvua imenyesha. Kampuni inayokata posho ya wafanyakazi siku ambayo gari halikutembea imerudi nyuma ya hapo.

Kuna pia lililo kati ya watu wenyewe, nalo nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa halina kanuni. Katika siku za mwendo wasafiri hutazama mbele wote, kila mmoja kwenye kioo chake. Siku ya mvua huwakalisha wakitazamana. Ugomvi uliofichwa tangu Makambako hutokea hapo, na ni heri utokee kambini kuliko usukani ukiwa mkononi. Karata husaidia, bao husaidia zaidi kwa sababu hulazimisha kimya, na mtu anayeweza kusimulia hadithi ndefu bila kuiharibu ana thamani ya jerikeni la mafuta. Wapo wasioweza kukaa, wanaofungua mlango wa hema kila dakika kumi kutazama mbingu. Wasipewe lawama, wapewe kazi.

Hatimaye lazima mtu aamue wakati wa kuondoka, na aliyekaa vizuri huonekana hapa pia. Mvua kukatika si ruhusa. Udongo wa mbuga huhitaji jua la saa kadhaa na upepo kabla ya uso wake kushika, na njia ya kuujua ni kutembea juu yake kwa miguu mbele ya gari, hatua mia mbili au tatu, ukitazama kinachobaki kwenye soli. Kinachotakiwa pia ni kumuuliza aliyetoka upande huo asubuhi: mwenye lori, mchunga ng'ombe, askari wa lango. Wao hawana sababu ya kukufurahisha. Wakisema ngoja hadi saa sita, ngojeni hadi saa sita, na katika saa hizo mahema yageuzwe sakafu juu, kwa sababu maji hukaa sana chini kuliko paani. Mara nyingi mahema hayatakauka kabisa. Hema lililofungwa likiwa bichi huota koga kwa siku chache, na turubai la pamba huanza kuoza. Kwa hiyo jioni ile ile, kambi ijayo, hata kama mbingu ni safi na kila mtu ana njaa, mahema ndiyo yashuke kwanza na kutandazwa upeponi, kisha ndipo moto uwashwe.